Mwenye Kuita Baraza

Masisi na Walikale wako watu wanaokutana kuzungumza habari za sheria na mashamba. Wengine huuliza: mkulima asiye na cheti ajua nini habari ya sheria? Ajua sana. Sheria ya ardhi ya 1973 ilisema udongo wote ni mali ya serikali, na haki za wenye mashamba ya mila zitapangwa kwa amri ya Rais. Miaka mingi ikapita bila amri hiyo. Aliyeumia ni mwenye jembe, wala si karani.

Lakini liko swali gumu zaidi. Machi 1993 watu waliuawa sokoni Ntoto, Walikale, na vita vikaenea Masisi. Machi 2025 bunduki zikalia tena mjini Walikale. Je, ni haki kumwita jirani aseme kweli, ikiwa neno lake laweza kupelekwa usiku kwa wenye silaha? Naona ni haki, ila mwenye kuita baraza ajue kwamba amechukua dhamana ya msemaji. Shauri lizungumzwe pasipo kutaja majina. Na mjane akinyamaza asiitwe mwoga, wala kimya chake kisiandikwe kwamba amekubali, kama tulivyozoea mno. Iandikwe tu: hakusema.