Ndugu Yako Akiwa Katika Baridi

Masomo: Matendo ya Mitume 28:1-10, 2 Timotheo 4:9-21

 

Mara hii nataka kusema juu ya baridi. Najua wengine mtacheka. Hapa Nakivale tunalia juu ya jua na vumbi, na baridi yetu ni ile ya usiku wa mvua, turubai linapovuja na watoto wanasogeleana kwenye mkeka. Lakini karibu kila nyumba humu ina mtu aliyekwenda nchi ya tatu, na kuna jambo limekaa moyoni mwangu miaka mingi. Nimeona niliseme kabla sijazeeka nalo.

Mdogo wangu alisafiri mwaka 2008 pamoja na mke wake na watoto watatu. Walipelekwa Marekani, mji wa Louisville, jimbo la Kentucky. Tulimsindikiza kwa nyimbo mpaka gari likapotea barabarani. Kuanzia siku ile sisi tuliobaki tulihesabu kwamba yeye amefika, taabu zake zimekwisha.

Januari 2009, kati ya tarehe 26 na 28, jimbo lile lilipigwa na dhoruba ya barafu. Nieleze kidogo, maana mimi pia nilidhani ni mvua ya mawe kama hii yetu inayovunja mahindi. Sivyo. Ile inashuka kama maji ya kawaida. Huko juu hewa ina joto kidogo, kwa hiyo ni mvua. Lakini hewa ya chini karibu na ardhi ina baridi kali, na lile tone likigusa kitu chochote, linaganda papo hapo. Linagusa tawi, linakuwa barafu. Linalofuata linaganda juu yake. Saa baada ya saa, kama nta inavyoshuka juu ya mshumaa, mpaka kila kijiti kimevaa barafu nene kama kidole. Mdogo wangu aliniambia asubuhi ile ilikuwa nzuri kuitazama, mji mzima unang'aa kama kioo. Kisha miti ikaanza kuvunjika. Alisikia milio, pa, pa, akawalaza watoto chini ya kitanda. Ninyi mliotoka Masisi na Fizi mnajua kwa nini.

Miti ikaangukia nyaya za umeme, na nyaya zenyewe zikakatika kwa uzito. Katika jimbo lile nyumba na biashara zaidi ya 700,000 zilikosa umeme, wengine kwa majuma. Na kule umeme si taa tu. Hata nyumba inayopashwa joto kwa gesi, feni ya kusukuma lile joto inakwenda kwa umeme. Umeme ukikatika, joto linakatika, na ukuta unaanza kupoa kama sufuria iliyoipuliwa.

Usiku wa kwanza walivaa nguo zao zote wakalala pamoja. Usiku wa pili mdogo wangu alifanya kile ambacho mimi pia ningefanya, na wewe pia. Alikuwa na mfuko wa makaa dukani wanakouza ya kuchomea nyama. Akayawasha nje, akangoja yawe mekundu, moshi ukaisha, akayaingiza sebuleni katika sufuria kuukuu. Akafunga mlango. Akaziba na blanketi chini ya mlango. Watoto wakafurahi, wakapata usingizi.

Ndugu zangu, hapa nisikilizeni vizuri, hasa akina mama, kwa sababu mbabula (wengine mnasema sigiri) ni kitu chetu cha kila siku na tunadhani tunakijua. Makaa yakishakuwa mekundu hayatoi moshi wa kuonekana, na sisi tunasema sasa yako salama. Si kweli. Ndiyo saa yanatoa gesi inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, haikoholeshi. Inaingia katika damu na kukaa mahali pa hewa nzuri. Kichwa kinauma, kizunguzungu kinakuja, tumbo linachafuka, miguu inaisha nguvu, na aliye usingizini haamki. Nyumba zetu za udongo zina nafasi chini ya mabati, hewa inapita, na hata hivyo wako watu waliokufa hivyo usiku wa mvua. Nyumba za kule zimezibwa ili baridi isipite: dirisha lina vioo viwili, mlango una mpira pembeni. Kinachozuia baridi kuingia ndicho kinachozuia ile gesi kutoka.

Shemeji yangu aliamka kichwa kinampasuka. Mtoto wa kati alikuwa ametapika. Akajaribu kusimama, akaanguka. Akatambaa mpaka mlangoni akaufungua, si kwa sababu alijua, alitaka tu kutupa nje blanketi lililochafuka. Ule upepo wa barafu waliokuwa wanaukimbia ndio uliowaokoa. Mimi nasema ni Mungu.

Katika Yohana 18 tunasoma kwamba watumishi waliwasha moto wa makaa kwa sababu ya baridi, na Petro akaota pamoja nao. Walikuwa uani. Najua Yohana hakuandika ili atufundishe juu ya mbabula, lakini tangu siku ile sipiti mstari huo bila kuona kwamba makaa yalikuwa nje.

Sasa turudi Malta, kisiwa ambacho Biblia yetu inakiita Melita. Watu 276 wanatoka majini, wamelowa, mvua inanyesha, baridi ipo. Ni wafungwa, askari na mabaharia. Wenyeji hawakuuliza karatasi. Luka anasema waliwawashia moto wakawakaribisha wote. Watu hawa hawakuwa wamesikia Injili hata siku moja. Wala hatusomi kwamba Paulo aliwahubiria kwanza ndipo wakawa wema.

Jirani wa mdogo wangu alikuwa mama mzee, mzungu, anayeishi peke yake. Katika miezi yote ile walikuwa wamepungiana mikono tu. Mdogo wangu alimwogopa kidogo. Kiingereza chake kilikuwa cha salamu, na alisikia kwamba kule mtu habishi hodi kwa mtu ovyo. Usiku ule mama aliona mlango uko wazi na mtu amekaa kwenye theluji, akaja na tochi. Nyumba yake ilikuwa na meko ya ukutani yenye dohani inayopeleka moshi juu ya paa. Akawachukua wote watano. Walikaa kwake siku sita, mpaka umeme uliporudi. Baadaye shemeji alitufahamisha kwamba yule mama naye alikuwa ameogopa kubisha kwao. Kuni zake zilikuwa nje chini ya barafu, na mikono yake haikuweza kuzibandua. Pande mbili za ukuta mmoja, huku wana nguvu hawana moto, huku ana moto hana nguvu, na siku mbili kila mmoja anaona haya.

Paulo hakukaa kando ya ule moto kama mgeni wa heshima. Mstari wa tatu unasema alikusanya mwenyewe mzigo wa kuni akauweka motoni. (Habari ya nyoka tuiache kwa siku nyingine, mnaipenda sana.) Mtume, mfungwa, ametoka kuzama, anaokota kuni. Mdogo wangu naye alitoka kila asubuhi kukata matawi yaliyoanguka na kugonga barafu kwenye kuni za yule mama, na akawakatia hata nyumba ya tatu. Alisema ile ilikuwa mara ya kwanza tangu afike kujiona ana kazi mahali pale. Jimbo lilituma maelfu ya askari wa akiba wapite nyumba kwa nyumba kuuliza watu kama wazima, na bado zaidi ya watu 30 walikufa.

Hiyo ni sehemu ambayo ni rahisi kusema. Sasa niseme yangu.

Mnajua mwanzo wa Februari hapa Uganda ni nini: shule zinafunguliwa. Mdogo wangu alikuwa ameahidi karo ya watoto wa marehemu dada yetu. Tarehe ikafika, pesa hazikuja. Nikampigia, simu haipatikani. Nikampigia tena, hivyo hivyo. Mwisho wa juma nikaazima simu nikamwandikia ujumbe. Sitaurudia wote. Nilimwambia amesahau jasho la waliomlea, kwamba anakula nyama na kulala kwenye godoro wakati watoto wa dada yake wanafukuzwa darasani. Mimi, mtu ninayesimama mbele yenu na Biblia.

Simu yake ilikuwa imezimika siku zote zile, hana pa kuichaji. Ilipowaka kwa mara ya kwanza, neno la kwanza kuingia lilikuwa langu. Kiwanda chake kilikuwa kimefungwa, na kule saa usiyofanya kazi hulipwi. Chakula cha kwenye friji kilikuwa kimeharibika. Alijibu: samahani kaka, nimechelewa. Akakopa, akatuma. Neno juu ya barafu hakusema. Habari za ile sufuria ya makaa niliambiwa na shemeji mwezi wa Juni, akidhani nilizijua.

Nilipomuuliza kwa nini alininyamazia, alisema, «Kaka, ningesema nini? Ninyi mko kwenye turubai. Ningesema nasikia baridi mngenicheka.»

Na kweli, ningemcheka.

Tazameni Paulo katika barua ya pili kwa Timotheo. Yuko gerezani Roma, mzee, wengi wamemwacha. Amekwisha kusema maneno makubwa juu ya mwendo alioumaliza. Na katika sura hiyohiyo anaomba aletewe joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na anamhimiza Timotheo afike kabla ya majira ya baridi. Mtume wa Bwana hakuona haya kusema nasikia baridi. Lakini angalieni pia Timotheo ni mtu gani. Paulo alijua barua ile haitapokelewa kwa kicheko. Mtu husema baridi yake kwa yule anayeweza kumwamini. Mdogo wangu alikuwa na baridi ya Paulo, ila kaka aliyekuwa naye hakuwa Timotheo.

Dhoruba hizi hazikuisha mwaka 2009. Februari 2021 Texas, ambako wengi wa watu wetu wa Kongo walipelekwa, nyumba na biashara zaidi ya milioni 4.5 zilikosa umeme. Huko nyumba zimejengwa kwa ajili ya joto. Mabomba ya maji yalipasuka ndani ya kuta. Serikali ya jimbo ilihesabu waliokufa 246. Kule Houston mamia walifika hospitalini kwa sababu ya gesi ileile: wengine waliingiza makaa ndani, wengine waliwasha gari katika banda lililofungwa.

Na ninyi ambao safari zenu zilisimamishwa Januari 2025, mkiwa mmeshauza hata masufuria, najua si rahisi kusikia habari za taabu za Marekani. Sisemi kule ni kubaya. Mdogo wangu hajutii kwenda, na watoto wa dada yetu walimaliza shule kwa pesa zake.

Jumapili ijayo baada ya ibada tutabaki kidogo. Kila nyumba yenye mtu kwenye nchi za baridi ilete jina lake na la mji wake kwenye karatasi, tuwaombee kwa majina. Na wiki hii, mwenye vocha ampigie mtu wake. Mwulize kama nyumba ina joto, kama amejua jina la jirani, na mwambie juu ya makaa: yabaki nje, na jenereta pia ibaki nje, mbali na dirisha. Ya karo muulize siku nyingine.