Atakaye Kuulizwa, Naye Aulize

Watu watakao kuyatengeneza mambo ya nchi wana haki gani, tena wana wajibu gani? Na tuangalie yaliyotokea huku kwetu.

Mwaka 1958 serikali ya Waingereza iliweka katika Wilaya ya Geita baraza la Waafrika, Wazungu na Wahindi pamoja. Kwa sura lilikuwa jambo jema, maana watu wa rangi zote kukaa pamoja si kosa. Lakini wenyeji, ndio wengi, hawakulikubali. Nacho chama cha TANU, ambacho kingaliwasemea, kilikuwa kimekatazwa Usukuma tangu 1954. Basi mamia wakaenda Mwanza kulalamika, polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Mwisho wake baraza likaachwa. Hata kitu chema, watu wakitwikwa tu, huwa mzigo.

Lakini waliodai kusikiwa walipopata utawala, mwaka 1965 walifanya chama kimoja kuwa sheria. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Nyalali iliwauliza watu, na katika kila kumi karibu wanane walitaka chama kimoja kibaki. Hata hivyo Tume ilishauri vyama vingi, navyo vikaruhusiwa 1992. Je, walio wengi walidharauliwa? La, chama chao hakikuondolewa, ila wachache walifunguliwa mlango. Walio wengi wana haki ya kutawala, wala hawana haki ya kuwanyamazisha wachache.

Basi kila atakaye kuulizwa, naye aulize. Tena amsikilize hata yule asiyekubaliana naye.