Kazi Ikiingia Ndani

Ukipita kwenye vichochoro vya Lamu utakutana na milango mizito ya mbao yenye nakshi, na mbele ya nyumba nyingi za zamani utaona daka lenye mabaraza ya mawe pande zote mbili. Daka lile halikuwa pambo. Mwenye nyumba alikaa hapo na watu waliomjia kwa shughuli, wakazungumza bei, mizigo na safari za majahazi, na wengi wao waliishia hapo hapo. Aliyekaribishwa zaidi alivuka kizingiti, lakini hata akishavuka, njia ilipinda kidogo ili macho yake yasifike moja kwa moja kwenye ua wa ndani, ambako watu wa nyumbani walikuwa na mambo yao. Baada ya ua vilifuatana vyumba vyembamba na virefu, kila kimoja kikiwa na faragha kuliko kilichotangulia. Biashara na jamaa vilikaa chini ya paa moja vizazi kwa vizazi, na kila upande ulijua mpaka wake.

Zilikuwa nyumba za wenye uwezo, na mipaka ile iliwaelemea zaidi wanawake, ambao ndio waliobaki ndani. Sitamani turudi huko. Ninachokitamani ni busara ya wale wajenzi: waliona kwamba kazi ikiingia nyumbani lazima ipangiwe mahali pake, na kwamba kupanga huko kunaanzia kwenye heshima kati ya watu, samani zinakuja baadaye.

Kizazi chetu kazi ilituingilia kwa ghafla. Machi 2020, korona ilipoingia, shule zilifungwa Tanzania, na Kenya serikali ikawataka wanaoweza wafanyie kazi majumbani. Meza ya chakula ikawa darasa asubuhi, ofisi mchana, na jioni mtu anachambulia mchele juu yake huku kikao cha mtandaoni kikiendelea. Korona ilipopungua, wengi hawakurudi ofisini, au walirudi kwa siku chache za wiki: wahasibu, wafasiri, wabunifu wa michoro, wahariri kama mimi, na kina dada wanaouza nguo na viatu kupitia simu zao.

Lakini tukisema kazi za nyumbani zilianza 2020 tutakuwa tumewasahau mama zetu. Kuna wanaosuka ukili, wanaoshona kofia kwa oda, wanaoamka kabla ya alfajiri kukaanga vitumbua. Hakuna aliyewahi kuita ile kona ya ukumbi ofisi. Mwaka 1996 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba namba 177, unaotaka anayemfanyia mtu kazi ya malipo akiwa nyumbani kwake atendewe sawa na wafanyakazi wengine kadiri inavyowezekana, usalama na afya vikiwemo. Walipoupitisha, wafumaji na washonaji wa namna hiyo walikuwa wameshakaa miaka mingi juu ya mikeka, mgongo umepinda, shingo imeinama kwenye sindano, na maumivu yao yakiitwa uzee. Kwa hiyo leo nikisikia watu wakibishana kuhusu kiti kipi cha ofisi ni bora, huwa nawakumbuka hao kwanza. Mwili wa anayefanya kazi nyumbani una thamani ile ile ya mwili wa aliyeko kwenye ghorofa la kioo.

Mtu aliyenifundisha hilo kwa vitendo ni fundi seremala wa Keko, jijini Dar es Salaam, nilipokwenda kuagiza meza. Nilitarajia aniulize aina ya mbao na idadi ya droo. Yeye akauliza, "Dada, ya kuandikia kwa kalamu au ya kompyuta?" Nikamwambia ya kompyuta. Akavuta stuli, akaipangusa vumbi la randa kwa kiganja, akaniambia nikae, nikunje viwiko kama mtu anayechapa. Kisha akapima kwa futikamba kutoka sakafuni hadi chini ya mkono wangu. "Za dukani karibu zote ni sentimita 75," alisema. "Wewe kwa kimo chako mabega yatapanda juu kutwa nzima, jioni utasema shingo inauma." Akaandika 67 kwa penseli kwenye ubao, akapiga mstari chini yake.

Wataalamu wa afya ya kazini hawasemi tofauti na yeye. Viwiko vikae pembe mraba, mabega yalegee, nyayo ziguse chini. Zikining'inia, weka kibao. Kioo cha kompyuta kiwe mbali nawe kama urefu wa mkono, na ukingo wake wa juu ulingane na macho. Kompyuta mpakato haiwezi kutimiza yote haya peke yake, kwa sababu kioo na kibodi vimeungana: ukiinua kimoja, kingine kinapanda nacho. Dawa yake haina gharama kubwa. Iinue juu ya vitabu vizito, halafu nunua kibodi ya pembeni. Na asiyeweza kununua kiti cha ofisi, mto mgumu kiunoni kwenye kiti cha plastiki unasaidia kuliko kujikaza.

Mwanga nao. Dirisha likiwa mbele yako linakuumiza macho, likiwa nyuma linang'aa ndani ya kioo, liweke ubavuni. Tukitazama kioo tunapepesa macho mara chache kuliko kawaida, ndiyo maana yanakauka na kuwasha. Madaktari wa macho hushauri kila baada ya dakika 20 uangalie kitu kilicho umbali wa kama mita 6 kwa sekunde 20. Mwembe wa jirani unatosha.

Joto ni kubwa zaidi ya hayo yote kwa sisi wa pwani, na sielewi kwa nini halizungumzwi. Chumba cha bati kisicho na dari, mwezi wa Februari, saa nane mchana, umeme umekatika na pangaboi limesimama: hakuna nidhamu wala mbinu ya kupanga muda itakayomfanya mtu afikiri sawasawa humo. Anayeweza kuchagua saa zake na afanye kazi nzito alfajiri, wakati hewa bado ya baridi na mtaa haujaamka, mchana aache mambo mepesi. Mwajiri anayedai kila mtu awe mbele ya kioo saa nane mchana kwa sababu ndivyo ilivyokuwa ofisini kwenye kiyoyozi, hajafikiria anadai nini.

Hata hivyo meza, mwanga na joto ndiyo sehemu rahisi. Ugumu unaanza pale watu wa nyumbani wanapoamini kwamba aliyeko nyumbani yuko bure. "Si upo nyumbani?" Swali hili linakuja na mtungi wa gesi wa kupokelewa, na fundi bomba wa kusimamiwa, na mtoto wa shangazi aliyeletwa mara moja tu, jioni atafuatwa. Linawaangukia zaidi wanawake. Nimeona nyumba ambamo baba akifungua kompyuta sebuleni televisheni inazimwa na watoto wanatolewa nje, na mama akifungua ya kwake pale pale anaulizwa chai iko wapi. Mshahara wa mama unaweza kuwa ndio unaolipa kodi ya nyumba hiyo. Nyumba ya namna hii hata ikinunuliwa meza ya mninga na kiti cha kuzunguka, haijapata ofisi. Kinachotakiwa ni watu wazima wakae chini wakubaliane: kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi fulani yuko kazini, nani anashika jiko saa hizo, mlango ukifungwa una maana gani, na mtoto akiumia anamwendea nani.

Upande mwingine wa jambo hili sitaki kuuficha, maana nao ni wa kweli. Mtaa ambao watu wazima wote wameondoka asubuhi na wanarudi usiku ni mtaa mpweke. Mzee akianguka hakuna wa kumwinua. Tangu wengine tubaki nyumbani, kuna anayesikia hodi mchana. Ukitokea msiba nyumba ya tatu, naweza kwenda kukaa na wafiwa saa moja, nikaifidia kazi baadaye. Mwanangu akirudi shule na kuniambia kilichompata, anakisema kikiwa bado moto moyoni mwake. Nilipokuwa narudi usiku kwa daladala nilikuwa naambiwa muhtasari tu, tena na mwingine. Kwa hiyo ninaposema mpaka, simaanishi ukuta. Naona heri kazi ikatike kwa ajili ya mgonjwa kuliko nyumba ikatike kwa ajili ya ujumbe wa kikundi cha ofisi.

Na ujumbe wa kikundi cha ofisi ndio umekuwa mdokozi mkubwa wa saa zetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inaweka kikomo cha kawaida cha saa 9 kwa siku na saa 45 kwa wiki. Inataka mapumziko ya dakika 60 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, na saa 12 za kupumzika kati ya kumaliza kazi na kuianza tena. Soma kifungu hicho cha saa 12, halafu ukumbuke ule ujumbe wa saa nne usiku unaoanza na "samahani kwa usumbufu". Aliyeujibu saa nne na nusu usiku akaanza tena saa moja asubuhi hajapata hata saa 9. Ofisini taa zilizimwa na mlinzi akafunga geti. Nyumbani geti hilo halipo.

Madhara yake hayaishii kwenye uchovu. Mei 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio yao ya pamoja: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo unaotokana na mishipa kuziba kwa asilimia 17, akilinganishwa na wa saa 35 hadi 40. Ufaransa, tangu Januari 1, 2017, kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zinatakiwa kujadiliana na wafanyakazi wao kuhusu haki ya kutojibu baada ya saa za kazi. Kenya, mwaka 2022, Seneta wa Nandi, Samson Cherargei, alipeleka muswada wenye lengo kama hilo. Naunga mkono sheria za aina hii kwa moyo wote, ingawa hazitamfikia dada anayeuza nguo mtandaoni, ambaye mteja wake ndiye bosi na anauliza bei usiku wa manane. Yeye itabidi aandike saa zake kwenye ukurasa wake, azishike, na sisi wateja tuziheshimu.

Mwenye chumba kimoja cha kupanga, ambamo kitanda, jiko na masanduku vimebanana, hana mlango wa kufunga. Kwake kumaliza kazi ni kuifunga kompyuta, kuitia kwenye begi na kulitundika begi ukutani mpaka kesho. Huyo ndiye anayenifanya nirudi kwa waajiri. Ofisi iliyopunguza vyumba vya kukodi kwa sababu wafanyakazi wako majumbani imeokoa pango, umeme na maji, na sehemu ya gharama hizo imehamia kwenye umeme wa LUKU na bando la intaneti la mfanyakazi, na kwenye nafasi ya watoto wake kulala. Mkataba wa kumfanyisha mtu kazi nyumbani uandike wazi nani analipa umeme, nani analipa intaneti, nani ananunua kiti na meza ya kimo chake, na baada ya saa ngapi simu yake isipigwe. Asiyeona hayo kwenye mkataba wake na aulize kabla hajatia saini.