Keti Kwanza, Kisha Ununue
Neno: Luka 14:28–30



Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza barani Afrika. Rwanda ni ng'ambo tu ya mto Kagera, na tangu hapo kuna vijana wa Kyerwa na Karagwe wanaoota baiskeli ile nyepesi ya gia nyingi. Je, ni dhambi kuitamani? Hapana, wanangu. Chombo kizuri ni kazi ya mikono iliyopewa hekima na Mungu. Ila Bwana Yesu anamtaka mwenye kujenga mnara akae chini kwanza apige hesabu.

Basi tukae. Sheria ya mashindano hairuhusu baiskeli iliyo chini ya kilo 6.8, na fedha nyingi humwagwa ili kukaribia uzito huo. Baiskeli yetu ya Phoenix ina kama kilo 20. Sasa funga mikungu mitatu ya ndizi kwenye keria uelekee Omurushaka: mkungu mmoja tu ulioshiba unameza wepesi wote ulioulipia, na tairi zile nyembamba hazikuundwa kwa changarawe na mzigo. Kinachomsaidia mchukuzi kwenye milima yetu ni gia ndogo ya kupandia, rimu imara na, zaidi ya yote, breki. Kuteremka na mzigo nyuma kunaua. Mimi fedha yangu ya kwanza ningeiweka kwenye breki. Anayeendesha bila mzigo, au mwenye nia ya kweli ya kushindana, hesabu yake ni nyingine, na ninamtakia heri kwa moyo wote.

Linaloniumiza ni fedha yenyewe inakotoka. Bado wapo wanaouza butura: kahawa ingali maua mtini, mnunuzi anatoa bei ya chini, na msimu ukifika anavuna yeye. Baiskeli ipo uani, ada ya shule haipo. Na ile kahawa haikuwa ya baba peke yake. Mama aliipalilia, watoto waliichuma mwaka jana na mwaka juzi. Kwa hiyo hesabu hii haipigwi na mtu mmoja. Mkeo awepo, naye asikilizwe. Akisema tungoje mavuno, ngojeni.

Wakati mnangoja, badilisheni cheni iliyolika na raba za breki kwenye baiskeli mliyo nayo. Siku ya kununua ya mtumba, nenda na fundi unayemwamini, azungushe magurudumu na kukagua maungio ya fremu kabla hujatoa shilingi.

Wiki hii tunawaombea kwa namna ya pekee waliokwisha kuuza maua ya kahawa zao. Ndugu, usione aibu. Njoo na mwenzi wako tuzungumze kabla msimu haujafika, tuone pamoja watoto watasomaje mwaka huu.