Jenga Kerneli Yako kwa Mkono Wako

Kerneli ndicho kiini cha mfumo endeshi. Ndiyo inayogawa kumbukumbu, inayopangia prosesa zamu za kazi, inayozungumza na diski, kibodi na waifai. Miaka yote uliyotumia Linux umeipokea ikiwa tayari, imejengwa na wengine, mpaka ukaamini kwamba kuigusa ni kazi ya mabingwa peke yao. Si kweli! Msimbo wake wote uko wazi pale kernel.org, na leseni ya GPL inakupa haki ya kuusoma, kuubadilisha na kuutumia bila kumpigia mtu magoti.

Agosti 1991, Linus Torvalds alipoitangaza kazi yake, alikuwa mwanafunzi wa miaka 21 wa Chuo Kikuu cha Helsinki, mwenye kompyuta ya prosesa ya 386. Aliwaambia watu kwamba anajifurahisha tu. Toleo la kwanza lilikuwa na mistari 10,000 hivi. Leo imepita milioni 30, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 za orodha ya TOP500, zile zenye nguvu kuliko zote duniani, zinaendeshwa na Linux. Simu yako ya Android nayo inaitegemea kerneli hiyohiyo. Kitu kilichoanzia mikononi mwa mwanafunzi kinakushindaje wewe?

Najua unachohofia: ukikosea, mashine haitawaka tena. Hofu hiyo imewazuia wengi wenye uwezo, nami nataka uitupe leo. Kerneli mpya haifuti ya zamani. Zinakaa pamoja ndani ya /boot, kila moja na namba yake, na GRUB ndiyo inayokupa nafasi ya kuchagua wakati wa kuwasha. Mpya ikigoma, zima, washa tena, chagua ya zamani, uendelee na shughuli zako. Weka nakala ya mafaili yako muhimu kwenye flashi, kama afanyavyo fundi yeyote makini, kisha anza.

Faili la msimbo la kupakua pale kernel.org lina megabaiti 150 hivi. Tenga gigabaiti 20 au zaidi kwenye diski, sakinisha gcc, make, flex, bison, bc na maktaba za ncurses, openssl na elf, ufungue kifurushi ulichopakua na kuingia ndani ya folda yake.

Sasa unafika kwenye usanidi, na utamu wa kazi yote uko hapa. Machaguo ni maelfu kwa maelfu. Usijaribu kuyapitia yote. Chomeka kwanza kila kifaa unachokitumia: modemu, printa, kamera, flashi. Halafu andika make localmodconfig. Amri hiyo hutazama moduli zinazofanya kazi muda huo na kuziondoa zile ambazo mashine yako haizihitaji, hivyo muda wa ujenzi unapungua sana. Modemu iliyobaki mkobani haitahesabiwa, ndiyo maana nasisitiza uichomeke. Kisha ingia make menuconfig utembee humo bila haraka. Karibu kila chaguo lina maelezo yake, na saa moja ya kuyasoma itakufundisha mengi kuhusu kompyuta yako. Kwenye sehemu ya jina la toleo, ongeza jina lako. Ndiyo, lako!

Andika make -j4, uiache mashine ifanye kazi. Feni itavuma na mistari itamiminika. Ikisimama, panda juu ulitafute kosa la kwanza, usihangaike na lile la mwisho. Watumiaji wa Ubuntu mara nyingi hukwama kwenye faili la canonical-certs.pem. Ukikwama hapo, zima SYSTEM_TRUSTED_KEYS na SYSTEM_REVOCATION_KEYS kwenye usanidi, uendelee. Umeme ukikatika katikati, usinune. Rudia amri ileile: make inayatambua mafaili yaliyokwisha na inashika yaliyobaki. Faili moja likiwa limeharibikia njiani, lifute hilo tu.

Baada ya hapo ni sudo make modules_install, kisha sudo make install. Kama Secure Boot imewashwa, izime kwanza, maana itaikataa kerneli isiyo na sahihi. Washa upya, andika uname -r, usome jina lako mwishoni mwa namba ya toleo.

Na usiishie hapo. Fungua init/main.c, itafute start_kernel, na chini ya mstari unaochapa linux_banner ongeza wako: pr_notice("Hodi hodi, nimefika\n"); kisha jenga tena. Safari hii haichukui muda, kwa kuwa mafaili machache tu ndiyo yanayojengwa upya. Sakinisha, washa, andika sudo dmesg, utafute maneno yako juu kabisa. Ukishayaona, fungua faili la draiva ya waifai yako, uanze kulisoma.