Mwanafunzi Katika Baraza la Waandishi

Mwanafunzi wa utunzi anapoalikwa kwenye tamasha la waandishi, anakwenda kutafuta nini? Wengi watajibu upesi kwamba anakwenda kuwasikiliza mabingwa na kuwaonyesha mswada wake. Jibu hilo si baya, ila halitoshi. Kila baraza la waandishi lina mlango, na bawabu wa mlango huo aghalabu ni lugha. Yafaa basi tuulize: aliyeruhusiwa kuingia ana wajibu gani kwa yule aliyebaki nje?

Mwezi wa Juni 1962 walikutana Makerere, Kampala, waandishi Waafrika waliokuwa wakiandika kwa Kiingereza. Miongoni mwao alikuwamo mwanafunzi wa chuo hicho, James Ngugi, ambaye baadaye tulimjua kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o. Hadithi fupi mbili zilizokwisha kuchapishwa zilitosha kumpa kiti. Alimpa Chinua Achebe mswada wake ausome, na mwaka 1964 riwaya hiyo, Weep Not, Child, ikatoka. Ni mwanafunzi gani asiyetamani bahati kama hiyo? Lakini Shaaban Robert, mwenye vitabu vingi vya nathari na ushairi, hakuwa na nafasi pale, kwani aliandika kwa Kiswahili. Alifariki dunia mwezi huo huo. Ngũgĩ mwenyewe alilirudia jambo hilo kwa uchungu katika kitabu chake cha 1986.

Kwetu Mara ni rahisi kuwalaumu watu wa Makerere, kisha tukalala usingizi. Kiswahili kimetukutanisha Mzanaki, Mjita, Mkurya na Mjaluo, na Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama aliyeingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, alithibitisha uwezo wake alipomfasiri Shakespeare mwaka 1963. Hata hivyo, yeye huyo alipokuwa mwanafunzi Makerere katika miaka ya 1940 aliandika insha juu ya hali ya mwanamke wa Kizanaki, na aliiandika kwa Kiingereza. Wanawake wale wangeisomea wapi? Hatusemi hivi kwa kumlaumu. Chuo hakikuwa na mlango mwingine.

Tuvuke sasa kutoka Kisorya, wilayani Bunda, hadi Ukerewe. Huko Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 riwaya ndefu kwa Kikerewe, juu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Haikupata mchapishaji. Ilimbidi mzee aifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ndipo ikachapishwa mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Mwaka huo huo wa 1980, Ngũgĩ, aliyeingia kwa mlango wa Kiingereza, alitoa riwaya yake ya kwanza kwa Kikikuyu. Mmoja alikuwa akirudi nyumbani, mwingine ilimlazimu atoke nyumbani ili asikike.

Tutaambiwa kwamba taifa lenye lugha zaidi ya mia moja haliwezi kuziandalia zote matamasha, wala kuzichapishia vitabu. Ni kweli, na sisi hatungependa kuiona Tanzania iliyogawanyika kwa lugha. Tuzo ya uandishi bunifu yenye jina la Mwalimu, inayotolewa tangu 2023, ni ya kazi za Kiswahili, na ni vema iwe hivyo. Hatari tunayoihofia iko kwingine, tena ni ndogo kwa kuitazama. Kijana wa Bunda anaandika juu ya bibi yake, ambaye tangu azaliwe amekasirika, amecheka na kuomboleza kwa Kijita. Kijana anajua kwamba wazee wa baraza watasifu ufasaha. Basi anamsemesha bibi kama mtangazaji wa redio, anaondoa neno lililokosa tafsiri, anapunguza hasira. Mswada unapendeza, nao unasema uongo juu ya mtu asiyeweza kuusoma.

Tunamtaka kijana huyo aende kwenye tamasha, tena aende kwa furaha. Ila kabla ya kupanda basi pale Bunda, aketi na bibi jioni moja, amsomee kurasa zile huku akizigeuza kwa Kijita kadiri awezavyo. Bibi akisema, "Mjukuu wangu, mimi sikusema hivyo," kalamu na itoke mfukoni usiku ule ule.