Msafiri Aliyezuiliwa Njiani



Kila mwaka ufikapo mwezi wa Desemba, shule zikisha kufungwa na kazi za maofisini zikipungua, watu wa Ngara na Biharamulo walio Dar es Salaam, Arusha na nchi za ng'ambo hufunga mizigo yao kurudi kwa wazee. Wengi hupanda mabasi. Wengine hupanda ndege hadi Mwanza au Bukoba, kisha wakashika njia ya gari. Na wapo watu wa Ngara watokao Ulaya ambao huteremkia Kigali na kuvuka daraja la Rusumo, kwa kuwa huko ndiko karibu na kwao. Lakini mwezi huo huo mvua za vuli zingali nzito katika mkoa wa Kagera, na katika nchi za baridi theluji huanguka juu ya viwanja vya ndege. Kwa hiyo likizo ya mwisho wa mwaka na safari kuchelewa ni mambo mawili yasiyoachana.

Hapana shaka wapo watakaouliza: Dini ina shughuli gani na ndege iliyochelewa? Hayo ni mambo ya mashirika na marubani. Tunajibu kwamba dini ya Islam imesema mengi sana juu ya msafiri. Imempunguzia rakaa nne kuwa mbili, imemruhusu kukusanya adhuhuri na alasiri, na magharibi na isha, na imemwambia aache saumu ya Ramadhani aje ailipe siku nyingine. Mtume Mtukufu s.a.w. amefundisha ya kuwa safari ni sehemu ya adhabu, kwani humnyima mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake. Basi mwenye kuketi juu ya sanduku lake usiku wa manane, na watoto wamelala sakafuni, asidhani ametupwa. Hali yake ilijulikana na kutungiwa sheria zaidi ya miaka 1,400 iliyopita.

Na utajiri haumwepushi mtu na jambo hili. Mwezi wa Desemba 2022, katika nchi ya Marekani, shirika la Southwest lilifuta safari zaidi ya 16,000 kwa muda wa siku chache za sikukuu. Ilianza kwa tufani ya baridi, kisha mpango wa kuwagawia marubani na wahudumu kazi zao ukavurugika, na mizigo ikarundikana kumbini kama magunia ya kahawa ghalani. Mwezi wa Desemba 2023 serikali ya nchi hiyo ikalitoza shirika hilo adhabu ya dola milioni 140. Huko ndiko kwenye mitambo ya kila namna.

Yafaa msafiri ajue sababu, maana ujinga wa sababu huzaa dhana mbaya. Ndege moja haifanyi safari moja kwa siku. Ile ile iliyokwenda mji mmoja asubuhi ndiyo itakayokuchukua wewe jioni, na ikikawia saa moja kule, saa hiyo hukufuata hadi kwako. Rubani naye ana saa za kazi zilizowekwa kwa sheria. Zikiisha, haruhusiwi kurusha ndege hata abiria walie machozi. Na uwanja wa Bukoba uko ufukweni mwa ziwa, katika mji ambao mvua yake ni miongoni mwa zilizo nyingi mno katika Tanzania. Wingu likishuka, mwenye kutua haoni mahali pa kutua, naye hana budi kungoja, au kugeuza kwenda Mwanza.

Hapa ndipo penye neno letu kubwa. Abiria aliyechoka huanza kuhimiza. Humwambia mhudumu, "Mbona mvua imepungua?" Humpigia kelele dereva wa basi, "Kanyaga mafuta, tumechelewa!" Na wengine huona fahari kusema walifika saa ngapi. Ndugu, kumhimiza mwenye amana ya roho za watu aivunje amana yake ni dhambi, nayo haipungui udhambi wake kwa sababu umelipa nauli. Kurani Tukufu inakataza watu wasijitupe wenyewe katika maangamio kwa mikono yao, sembuse kuwatupa na wenzao.

Watu wa mkoa wetu hawahitaji mifano kutoka mbali. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyokuwa imetoka Bukoba na kupitia Kemondo, ilizama karibu na Mwanza ikiwa imebeba watu kupita kiasi chake, na mamia wakafa. Ni nani asiyejua jinsi watu walivyokuwa wakisongamana gatini, kila mmoja akiona afadhali asimame juu ya gunia kuliko kungoja meli nyingine? Kadhalika tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 iliangukia ziwani karibu kabisa na uwanja wa Bukoba, katika hali mbaya ya hewa, na watu 19 wakafariki, marubani wote wawili wakiwa miongoni mwao. Wavuvi walikuwa wa kwanza kufika na mitumbwi yao. Hatuandiki haya kuwahukumu waliokufa. Mwenyezi Mungu awarehemu. Twaandika kwa ajili ya aliye hai, ambaye kesho atatangaziwa kwamba ndege haitaruka kwa sababu ya hali ya hewa, naye atanuna kana kwamba amedhulumiwa.

Tena madereva wetu wa zamani wanakumbuka namna nyingine ya kungoja. Katika miaka ya 1990 na 2000, majambazi walipoyatawala mapori ya Biharamulo na Ngara, magari yalisubiriana yakawa msafara mmoja, yakasindikizwa na polisi wenye silaha. Aliyefika mapema alimngoja aliyechelewa. Hakuna aliyesema saa zake zimepotea, maana kila mtu aliujua ubaya wa kwenda peke yake.

Sasa mtafutaji wa haki huuliza swali lililo gumu zaidi: Ikiwa kila jambo limekadiriwa na Mwenyezi Mungu, kuna faida gani kuahirisha safari? Aliyeandikiwa kufa atakufa hata kitandani. Swali hili si jipya. Karibu na mwaka 639 Hazrat Umar r.a. alikuwa safarini kwenda Shamu, na alipofika mahali paitwapo Sargh akapewa habari kwamba tauni imeingia nchi ile. Akashauriana na Masahaba, wakahitilafiana. Mwishowe akaamuru warudi Madina. Hapo Abu Ubaida r.a. akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kwamba ndiyo, wanaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu, akampigia mfano wa mchungaji mwenye ngamia katika bonde lenye pande mbili, moja ina majani na moja ni kavu: popote atakapowalisha ngamia wake ni kwa kadari ya Mungu, lakini mwenye akili huchagua upande wenye majani. Baadaye Abdurrahman bin Auf r.a. akaja na Hadithi ya Mtume s.a.w. inayokataza kuingia nchi yenye tauni. Tazameni basi: Khalifa wa Waislamu, mwenye jeshi na mamlaka, aliikatiza safari yake njiani akarudi nyumbani, na imani yake haikupungua hata chembe.

Kuna na ugonjwa mwingine, hasa kwetu sisi wa bara. Safari ikivunjika mara mbili, mtu hunong'ona kwamba amefungwa. Kuna jirani mwenye jicho, au asubuhi alikutana na mtu mwenye mkosi. Badala ya kuuliza ndege itaruka lini, huuliza mganga yuko wapi. Islam imeikata mizizi ya imani ya nuksi na ndege mbaya. Gurudumu lililopasuka Nyakahura limepasuka kwa shimo la barabarani au kwa uchakavu wa mpira, na jirani yako hana habari nalo. Aliyeingia katika dini hii akaacha mahirizi yake nyumbani, asiyarudie uwanja wa ndege.

Na mwenye kudhani kwamba safari iliyozuiliwa ni safari iliyolaaniwa, na afikiri juu ya Hudaibiya. Mwaka 628 Mtume Mtukufu s.a.w. alitoka Madina pamoja na Masahaba wapatao 1,400, wamevaa ihramu, wanaswaga wanyama wa kuchinja, hawana nia ila kuizuru Kaaba. Wengi wao hawakuwa wameuona mji wao kwa miaka sita. Wakazuiliwa wangali karibu na Makka. Yakafanywa mapatano kwamba warudi walikotoka, na mwaka ujao waje wakae siku tatu tu. Huzuni iliwashika hata walipoamriwa kuchinja wanyama wao na kunyoa, hakusimama mtu. Ndipo Ummu Salama r.a. alipomshauri Mtume s.a.w. atoke kimya kimya, achinje wa kwake na kunyoa. Akafanya hivyo, nao walipomwona wakainuka wote. Wakiwa katika njia ya kurudi, hawajaiona Kaaba kwa macho, ikashuka sura ya Al-Fat'h, ikayaita yale yaliyotukia kuwa ni ushindi ulio wazi. Baada ya miaka miwili waliingia Makka wakiwa elfu kumi. Sisemi kwamba kila ndege iliyoahirishwa ina ushindi nyuma yake. Huo ungekuwa ubashiri, nami si mbashiri. Nasema tu kwamba waliozuiliwa siku ile hawakuwa watu waliokasirikiwa.

Lakini haifai saburi ikafanywa blanketi la kuwafunika wazembe. Tikiti ni ahadi, na Kurani Tukufu inaamuru ahadi zitimizwe. Shirika linaloficha habari, au linalouza viti lisivyo navyo, limekula haki ya mtu. Katika safari za kimataifa, Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania imeukubali, humfanya mchukuzi awajibike kwa hasara iletwayo na ucheleweshaji, ila akithibitisha kwamba alifanya yote yaliyowezekana kuizuia. Mzigo ulioharibika, andika malalamiko katika siku 7 tangu kuupokea. Uliochelewa, katika siku 21. Wengi hupoteza haki yao kwa kupiga kelele siku moja na kutoandika hata mstari mmoja baadaye. Andika, weka nakala, tunza kipande cha tikiti. Huko ndiko kumfunga ngamia kisha kumtegemea Mungu.

Na yule binti aliyesimama kaunta si shirika. Niliwahi kuona katika uwanja mmoja mzee wa heshima, tasbihi mkononi, akimtolea binti huyo maneno ambayo asingekubali bintiye aambiwe. Mvua hakuileta yeye. Mtume Mtukufu s.a.w. amesema dua ya msafiri haikataliwi, na katika Hadithi hiyo hiyo ametaja dua ya aliyedhulumiwa. Basi mzee yule alikuwa na dua yake, na binti yule alikuwa na yake.

Kuhusu wenyeji, maneno ni machache kwa kuwa Ngara imekwisha yasema kwa vitendo. Msafiri ametajwa na Kurani Tukufu miongoni mwa makundi manane yanayostahili zaka, hata akiwa tajiri kwao, maadamu amekwama njiani. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda, na Benaco ikageuka mji. Wahangaza na Washubi walitoa maji na kuni zao kwa watu wasiowajua, nao wakabaki na vilima visivyo miti. Baada ya hayo, mtu wa Ngara au Biharamulo ashindwe kumkaribisha kulala abiria ambaye basi lake limeharibika usiku? Sidhani.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lenye uchungu kuliko yote. Mtu yuko Dar es Salaam, anapigiwa simu usiku kwamba mamaye amefariki Rulenge. Anapata kiti alfajiri. Ndege inakawia, kisha inatangazwa kwamba haiendi. Anapofika Mwanza, jua limetua. Siku hizi, tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwezi wa Juni 2025, hangoji tena kivuko. Lakini bado kuna Geita, kuna Biharamulo, kuna usiku wa Lusahunga. Na sheria yetu inataka maiti azikwe upesi, wala haimngojei mtoto aliye mbali. Anafika asubuhi, udongo umekwisha kuwekwa. Wengine huwalaumu ndugu zao kwa miaka mingi kwa sababu ya saa hizo chache. Wengine hujilaumu wenyewe.

Mjini Madina alikuwako mtu aliyekuwa akifagia msikiti. Hadithi nyingi zinasema ni mwanamke mweusi. Akafa, wakamzika bila kumpa habari Mtume Mtukufu s.a.w., wakidhani ni jambo dogo. Mtume s.a.w. alipomkosa akamwuliza habari zake, wakamwambia amekwisha zikwa. Hakusema kwamba wakati umepita. Aliwaomba wamwonyeshe kaburi lake, akaenda, akasimama mbele yake, akamsalia.